Mvule wa babu na maua ya korongoni: tuuze, tuhamishe au tuache?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni msomaji wako wa Muheza, upande wa milimani. Marehemu babu alituachia shamba la iliki na migomba. Mwisho wa shamba kuna mvule mkubwa. Watu wanne tukishikana mikono ndiyo kwanza tunaumaliza kuuzunguka. Chini yake kuna korongo lenye kijito, na kwenye mawe yake yanaota maua madogo ya zambarau. Kaka zangu wamepata mteja wa mbao. Wanasema mti umezeeka, una tundu, utaanguka bure. Halafu walikuja wageni kupiga picha yale maua, wakasema ni adimu duniani, na baada ya wao kuondoka nikakuta mengine yameng'olewa. Nauliza: huu mvule una miaka mingapi? Nikiyahamishia maua kwenye makopo nyumbani si yatakuwa salama zaidi? Na kweli mti na maua vinahusiana?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililobeba mengine. Vinahusiana sana. Kama maua hayo ni yale ninayoyadhani, yaani Saintpaulia, yanayoitwa kwa Kiingereza African violet, mvule ukikatwa yatakufa hata kama hakuna atakayeyagusa. Na ukiyahamishia kwenye makopo utayapoteza vilevile, ila utachelewa kujua, kwa sababu barazani yataendelea kuchanua.

Kwanza tuhakikishe ni yenyewe. Chuchumaa karibu na jiwe, using'oe kitu. Saintpaulia ina majani manene yenye vinyweleo, mara nyingi yamejipanga duara kuzunguka kitovu kimoja, na upande wa chini huenda yana wekundu. Ua lina sehemu tano: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa zaidi. Katikati kuna vifuko viwili vya njano vilivyoshikana, na pembeni yake kijiti kimoja chembamba. Tazama hicho kijiti kwenye maua kadhaa: mengine kimeinamia kulia, mengine kushoto. Ukikuta hivyo, umelipata. Kama ua lina mkia mwembamba kwa nyuma, na shina lake limejaa maji na linavunjika kwa wepesi, hilo ni Impatiens, ua la aina nyingine. Usilidharau, kwa sababu Usambara ina Impatiens wake ambao hawaoti kwingine, lakini si hili tunaloliongelea hapa.

Hao wageni hawakukudanganya kuhusu uadimu. Ua hili lilitoka kwenu Tanga kwenda Ulaya mwaka 1892, lilipookotwa na mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Alimpelekea baba yake, naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, bwana bustani wa Herrenhausen kule Hannover. Wendland akaliandika kitaalamu mwaka 1893 na kulipa jina la familia hiyo. Leo ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani. Ukiingia duka la maua London au Chicago utalikuta, la waridi, jeupe, lenye kingo za kukunjamana. Ila hayo ya dukani yametokana na mimea michache sana iliyovuka bahari wakati ule, ikachanganywa na kuchanganywa tena. Ndugu zao wa porini wako Tanzania na Kenya tu: Usambara, Nguru, Uluguru na milima mingine ya safu hiyo, Taita, na vipande vichache vya pwani. Wataalamu wenyewe hawajatulia juu ya idadi ya spishi. Zamani walihesabu kama ishirini, mwaka 2006 wakazipunguza hadi sita, na mwaka 2015 jenasi nzima, yaani kundi lote la spishi hizo ndugu, ikaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus. Kwako wewe hilo lisikuumize kichwa. Linalokuhusu ni kwamba makundi mengi ya porini ni madogo mno: korongo moja, mwamba mmoja, wakati mwingine upande mmoja tu wa huo mwamba.

Mbona upande mmoja? Nenda kaangalie saa sita mchana. Utakuta yameota pale ambapo jua halifiki moja kwa moja, jiwe linabaki na ubichi, na juu ya jiwe kuna ule ukijani laini unaoshika maji. Mbegu ya Saintpaulia ni ndogo kama vumbi. Haina akiba ya chakula, haiwezi kupenya majani makavu yaliyorundikana ardhini, wala haiwezi kushindana na magugu. Inafaulu tu ikinasa kwenye ule ukijani juu ya jiwe, mahali ambapo pamebaki na unyevu majuma mengi mfululizo. Hapo udongo karibu haupo, na ndiyo sababu mimea mingine haijapavamia. Jua likiingia, jiwe linakauka. Mimea mikubwa inaweza kustahimili msimu mmoja au miwili majani yakiwa yamepauka na kuungua kingo, lakini hakuna mche mpya utakaoota. Mtu akipita ataona maua na kusema mbona yapo, kumbe anaona wazee watupu.

Sasa nisimpe mvule sifa zisizo zake. Mvule hupukutisha majani kwa muda kila mwaka, kwa hiyo si peke yake unaotia kivuli hapo korongoni. Kuna miti midogo chini yake, kuna kuta za korongo zenyewe, kuna mvuke wa kijito. Lakini mti wa ukubwa huo ukiondoka hauondoki peke yake. Unaanguka na kulala juu ya miti mingine kumi. Halafu wanakuja wapasua mbao. Watasafisha mahali pa kuweka gogo, watakata fito, watachimba shimo la kupasulia mbao kama hawana chensoo, watapika, watalala, watapitisha mbao kwa njia iliyo fupi, na njia fupi mara nyingi ni korongo. Unga wa mbao unashuka kijitoni. Mvua ya kwanza ikinyesha udongo uliovurugwa unafuata. Nimeona makorongo ambako wapasuaji hawakugusa hata ua moja, na baada ya misimu michache mawe yalikuwa yamefunikwa na matope na magugu.

Hii si habari ya kudhania. Usambara Mashariki ilivunwa mbao kwa mashine hadi miaka ya 1980. Palipofunguliwa, msitu haukurudi ulivyokuwa. Ulioshika nafasi ni Maesopsis eminii, ule Waganda wanaouita musizi, mti ulioletwa kutoka magharibi ya Afrika Mashariki na kupandwa Amani, hukohuko Usambara Mashariki. Matunda yake yanapendwa na hondohondo. Ndege anakula, anaruka, anaangusha mbegu kwenye kila pengo lililoachwa na chensoo. Musizi unakua haraka kweli, ila kivuli chake na udongo wa chini yake si vile vya msitu wa asili. Ukiwa na musizi shambani kwako, miche inayochipua karibu na korongo ing'oe ingali midogo, kabla haijakushinda.

Umri wa mvule. Najua ndilo swali ambalo kaka zako watalisikiliza, lakini siwezi kukupa mwaka. Kwenye nchi za baridi mti unasimama kukua kipupwe kikija, kwa hiyo mviringo mmoja ndani ya shina ni mwaka mmoja. Kwetu mti unaweza kuweka mviringo kwa kila msimu wa mvua, au usiweke kabisa, na ukiwa na tundu katikati basi kurasa za kwanza zimeshapotea. Kilichobaki ni makadirio. Watu wanne walioshikana mikono ni kama mita sita, pengine na kidogo. Kipenyo chake kinakaribia mita mbili. Kama mti umekuwa ukinenepa sentimita moja kwa mwaka, una miaka kama 200. Kama ni nusu sentimita, ni 400. Mvule mchanga wenye jua na udongo mzuri hunenepa upesi, mzee hunenepa polepole, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa popote hapo katikati, hata nje kidogo. Mtu atakayekutajia mwaka kamili kwa kuuangalia tu, muage kwa heshima.

Ukitaka kupima vizuri, zungushia kamba kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, ukiwa umesimama upande wa juu wa mteremko. Kama shina lina mbavu zilizotanuka hapo, panda juu yake pale linapoanza kuwa la mviringo, na uandike umepima wapi. Kisha waulize wazee. Bibi wa jirani aliyeukuta ukiwa mkubwa alipoolewa anakupa ushahidi mzuri kuliko kipimo changu cha hesabu, angalau kwa miaka sabini au themanini ya karibuni.

Mibuyu imepimwa kwa njia nyingine, ya mionzi ya kaboni, hasa na mwanakemia wa Romania Adrian Patrut na wenzake, waliochukua vipande vidogo vya mti ndani ya mapango ya mashina. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulikutwa na umri wa karibu miaka 2,450. Ulikufa mwaka 2010 ukaendelea kuporomoka mwaka uliofuata. Mwaka 2018 kundi hilo lilitangaza kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi iliyojulikana Afrika, 9 ilikuwa imekufa au sehemu yake kubwa kuanguka tangu 2005. Na usidhani mti mkubwa lazima uwe na maelfu ya miaka. Mti mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5 kwenye bonde moja la Kilimanjaro, unakadiriwa kuwa na miaka 500 hadi 600. Kwa hiyo mvule wako ukiwa na miaka 250 tu ni mkongwe kamili wa aina yake. Umeona vizazi kama kumi vya watu wa hapo.

Nije kwenye tundu, kwa sababu hapa ndugu zako wanasema jambo ambalo karibu kila mtu analiamini, nalo si kweli. Tundu si ugonjwa. Sehemu ya shina inayokua ni tabaka jembamba chini ya gome. Kiini cha katikati ni mbao zilizokwisha kufa zamani, kazi yake ni kubeba uzito. Kuvu wakila kiini, mti unabaki bomba, na bomba lenye ukuta mnene linasimama imara. Kinachoangusha miti mizee mara nyingi ni mizizi kukatwa upande mmoja, moto kuwashwa ndani ya tundu, na maji ya mvua kuelekezwa yakamomonyoa chini. Hivyo vyote vinatokana na sisi. Kama wasiwasi ni kweli, angalia dalili hizi: ardhi imepasuka upande mmoja wa shina, mti umeinama kuliko mwaka jana, matawi makubwa ya juu yamekauka wakati mengine yana majani. Usipoziona, waambie watulie. Na hata ukiziona, kama hapana nyumba wala njia ya watu chini yake, acha uanguke siku yake.

Kwenye tundu hilo kuna wapangaji. Hondohondo jike huingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo ukabaki ufa mwembamba tu, na dume analeta matunda siku baada ya siku, anayapitisha kwenye huo ufa mpaka makinda yakue. Mti wa miaka thelathini hauna tundu la kumtosha. Ukitaka kujua kama unakaliwa, kaa mbali asubuhi msimu wa kuzaliana na uangalie dume anatua wapi. Chini yake utakuta kokwa za matunda na miche iliyoota kutokana nazo.

Kaka mmoja atasema: tutapanda mwingine. Mwambie ajaribu. Mvule una dume na jike, mti mmoja peke yake hauzai. Dume anatoa chavua inayobebwa na upepo, jike anatoa matunda, na wanaosambaza mbegu ni popo wanaokula matunda usiku. Mche ukishaota unakumbana na kijidudu kiitwacho Phytolyma. Kinataga kwenye chipukizi, majani yanavimba vidonge, vidonge vinapasuka na kuoza, ncha inakufa, mche unaanza upya. Ndiyo maana mashamba ya mivule mitupu yameshindikana sehemu nyingi za Afrika. Mche mmoja mmoja uliochanganyika na miti mingine na kupata kivuli cha wastani una nafuu. Panda, tena panda mingi, nitafurahi. Lakini anayeupanda leo anawapandia wajukuu wa watoto wake, na korongo halitawasubiri.

Sasa makopo. Naelewa ulivyofikiri: wezi wameanza, bora niyaweke karibu na macho yangu. Saintpaulia ni rahisi kuotesha, jani moja tu likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu linatoa mche. Hapo ndipo penye mtego. Makopo hamsini uliyootesha kwa majani ya mmea mmoja ni mmea uleule mmoja mara hamsini. Ugonjwa unaoua mmoja utaua hamsini. Kinacholifanya kundi la porini liwe na thamani ni kwamba kila mmea uliotokana na mbegu ni tofauti kidogo na mwenzake. Huu unavumilia ukavu zaidi, ule unachanua mapema. Hicho hakihamishiki kwa kopo. Kingine: ua hili halina asali. Linampa nyuki chavua peke yake, na chavua yenyewe imefungiwa ndani ya vile vifuko vya njano. Nyuki lazima alikumbatie ua na kutetemesha misuli yake ya mabawa ndipo chavua imwagike kupitia vitundu vidogo. Kule Taita, waliochunguza waliwaona nyuki wa jenasi Amegilla wakifanya kazi hiyo, nyuki wanene wenye mistari, wanaoruka kwa kasi. Nyuki wa asali hawawezi huo mtetemo. Nalisema hili kwa sababu miradi mingi ikija kijijini inakuja na mizinga, na watu wanaambiwa mizinga itasaidia maua. Asali ni kitu kizuri, fugeni, ila kwa maua haya mzinga hausaidii. Kitakachosaidia ni kuacha kingo za udongo mtupu karibu na korongo, maana wengi wa hao Amegilla huchimba viota ardhini, na kutopulizia dawa ya wadudu kwenye iliki au mboga zilizo karibu wakati maua yamechanua.

Na tafadhali, usipande karibu na korongo Saintpaulia ya dukani uliyoletewa zawadi. Hizi aina zinazaliana zenyewe kwa zenyewe kwa urahisi mno. Nyuki mmoja tu akitoka kwenye chungu chako akaingia korongoni, baada ya miaka hutajua tena lipi la babu na lipi la duka. Vivyo hivyo usirudishe korongoni mimea iliyokaa nyumbani. Inarudi na wadudu na kuvu wa udongo wa nyumbani. Hata yale mnayoyaona yameng'oka na kuelea kijitoni, yabandike kwenye ufa wa jiwe lililo jirani hapohapo, basi.

Wizi wa mimea si wa Usambara peke yake. Kwenye nyanda za Kitulo, ambako wenyeji wanaita Bustani ya Mungu, viazi vya okidi vilichimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa kitoweo kinachopendwa sana, chikanda. Biashara hiyo ilichangia Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Na miti mikubwa nayo ina soko: mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi, pwani ya Kenya, iling'olewa na mizizi yake mashambani kwa watu ili ipelekwe nchi ya Georgia, hadi Rais William Ruto wa Kenya akaagiza uchunguzi. Wenye mashamba walikuwa wameuza kwa hiari, kwa bei waliyoona ni nzuri siku hiyo. Siwalaumu. Nataka tu ujue kwamba anayekuja na pesa mkononi anajua bei ya kule kitu kinakokwenda, wewe hujui.

Kwa wageni wako, kwa hiyo, weka masharti. Asishuke mtu korongoni bila mwenyeji. Wasikanyage mawe yenye ukijani. Kiatu kimoja kinachubua kitalu cha miaka. Asiondoke mtu na jani, hata lililoanguka, kwa sababu jani ni mmea. Kuhusu picha, simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa, basi mwombe mgeni azime hiyo huduma kabla ya kupiga, na akiipandisha mtandaoni aseme Usambara, inatosha. Mitandao ya kisayansi kama iNaturalist huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Mitandao ya kawaida haifichi chochote. Wewe mwenyewe usimwonyeshe kila anayekuja na kamera. Mtafiti wa kweli atakuja na kibali na barua, atapita ofisi ya kijiji, na hatakasirika ukimwomba avionyeshe.

Juu ya kaka zako, najua hapa ndipo penye moto. Usianze na uadimu wa maua, watakucheka. Anza na kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua kamba, pima, uone mvule umeangukia wapi. Halafu, hata kama uko nje ya hizo mita, mti wa mbao wa namna hiyo haukatwi kienyeji kwa sababu tu uko shambani. Mwendeeni afisa misitu wa wilaya kabla ya kupokea hata shilingi ya kishika uchumba, kwa sababu mbao zikikamatwa njiani bila hati, anayetafutwa ni mwenye shamba, dalali ameshatoweka. Muulizeni hapohapo kuhusu hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji, kikundi na hata mtu binafsi kuwa na msitu wake. Korongo dogo kama lenu linaweza kuingizwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo, na hapo mwizi wa maua anakuwa amekosea kijiji kizima.

Pesa ni hoja ya kweli, sitaikwepa. Familia ina ada, ina wagonjwa. Lakini piga hesabu nao: mbao zikiuzwa zinagawanywa kwa ndugu wangapi, na dalali anabaki na ngapi? Mvule mara nyingi una mawe ya chokaa ndani ya mbao, mti unayatengeneza wenyewe, na yanavunja meno ya msumeno. Mti wenye tundu una mbao chache kuliko unavyoonekana kwa nje. Mnunuzi anayajua yote hayo, na atayataja siku ya kulipa. Kuhusu watalii, mimi sina matumaini makubwa kama ya wengine. Korongo moja halilishi familia, na wageni wengi ni hatari kuliko faida. Kinachoweza kuleta fedha kwa uhakika ni iliki yenyewe, ambayo inataka kivuli. Kosa linalofanywa na wakulima wengi wa iliki huko ni kufyeka miche yote ya miti chini, mwaka hata mwaka, hadi siku miti ya juu inapozeeka hakuna wa kuirithi. Mkiacha miche michache ikue kati ya mistari, na mkaliachia korongo ukanda wa vichaka bila kufyeka, shamba litabaki na kivuli na mtaendelea kuvuna.

Kama jamaa wa ukoo wanafanyia tambiko hapo, au waliwahi kufanya, usione aibu kulisema mbele ya ofisi. Makaya ya Wamijikenda, misitu yao mitakatifu ya pwani ya Kenya, yalilindwa na miiko ya wazee kwa vizazi: hukati, huchungi, huokoti kuni. Mwaka 2008 UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia. Hukohuko Kilifi, kwenye mawe ya chokaa ya Cha Simba, kuna Saintpaulia iliyozungukwa na mashamba kila upande, na bado ipo kwa sababu wenyeji wameacha ile miti juu ya mawe.

Kazi ya kuanza nayo wiki hii ni hii. Chagua mawe matatu, moja lenye maua mengi, moja lenye machache, moja lililochubuliwa na wale wageni. Simama mahali palepale, alama yake iwe kigingi au mzizi, piga picha ya kila jiwe. Rudia kila mwaka mwezi uleule. Usihesabu maua; hesabu miche, vile vimimea vyenye majani madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Andika kwenye daftari pamoja na mwezi ambao mvule ulipukutika na siku kijito kilipopungua. Picha za kwanza zipeleke ofisi ya hifadhi ya Amani, wako karibu nawe na wanaijua mimea hii. Waombe waje walitambue kabla hujasaini karatasi yoyote ya mnunuzi. Na ukikuta tunda, kifuko kidogo cha kijani kilichobaki ua likidondoka, lipige picha kwa karibu na uniletee, kwa sababu umbo la tunda na vinyweleo vya jani ndivyo vitakavyoniwezesha kukuambia ni spishi ipi.